Sauti Inayozama Upande wa Migato

Milembe alimwona baba yake akipanda mwamba, na hapo hapo akajua kuwa jioni yake imeingia mchanga.

Mzee Maganga hakuwa mtu wa kupanda miamba. Saa kama hizi alitakiwa awe zizini, akiwakaripia ng'ombe wake mmoja mmoja kwa jina. Lakini huyo alikuwa anakuja, fimbo mkononi, kofia kichwani, akihema na kujifanya anachungulia vichakani kama mtu aliyepoteza kitu. Milembe alitazama huku na huku. Hakukuwa na pa kuficha chochote. Juu ya khanga aliyoitandika mwambani kulikuwa na redio kubwa ya kijivu, betri ya pikipiki, maiki yenye waya uliojisokota, na antena ya fito za alumini iliyofungwa kwenye mpini wa ufagio, kama mfupa wa sato aliyeliwa akaisha.

"Mwadila, baba," alisalimia, akipiga goti kidogo.

"Mwadila." Mzee aliitazama redio, akamtazama binti yake, akairudia redio. "Natafuta mtamba. Hajapita hapa?"

"Mtamba yupi, baba?"

"Mtamba tu."

Wote wawili walijua hakuna mtamba aliyepotea. Mzee Maganga alijikalisha kwenye jiwe bila kualikwa, akaweka fimbo magotini.

"Mama yako anasema Joyness akija kutoka mjini mnapanda huku na mizigo. Nikadhani mnasali. Wasichana wa siku hizi wanasali milimani." Alinyoosha kidole. "Hii ndiyo mnayoisalia?"

"Ni redio, baba."

"Redio ninayoijua inaongea yenyewe. Hii ina maiki."

Milembe aliusokotoa waya wa maiki. Joyness, mwalimu mwenzake, ndiye aliyekuwa akimshikia antena siku zote. Leo Joyness alikuwa Bariadi akisimamia mitihani, na alikuwa ametuma ujumbe mchana kwamba hatatoka mapema. Milembe alikuja peke yake hivyo hivyo. Angefanyaje? Leo si siku ya kukosa. Ilikuwa Alhamisi, na kesho yake Hanif alikuwa anatia saini mkataba wa kazi.

"Unaongea na yule kijana wa Mtoro," alisema baba yake.

Hakuwa anauliza. Milembe aliinamisha macho.

"Uliniahidi, Milembe."

"Niliahidi sitampigia simu, baba. Wala sitapokea simu yake, wala ujumbe. Mpaka pamba iishe shambani. Sijapiga, sijapokea, sijatuma. Simu yangu hii hapa, chukua ukague."

"Na hii ni nini?"

"Redio."

Mzee Maganga alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. "Ungesomea sheria," alisema, "badala ya hiyo fizikia. Mahakamani ungenishinda."

Basi na tuseme ukweli ulivyokuwa, maana binti wa watu hakuwa mwongo. Mwezi Machi, nyumba yao hapo Sapiwi iliwaka moto wa ugomvi. Hanif, mjukuu wa Mzee Mtoro wa dukani, alikuwa amemwandikia Mzee Maganga kwa adabu zote kwamba anataka kuja na wazee wake. Mzee alikataa katakata. Mtoto wa dukani, Mwislamu, tena amekwenda kufanya kazi Afrika Kusini! Atampeleka binti yake kwenye dini ya watu na nchi ya watu, na siku akichoka naye atamrudisha kwa basi. Huko Bariadi nako, mama yake Hanif, Bi Shifa, alikuwa amefunga mlango wa chumba akilia kwamba mwanawe anatupa ukoo. Milembe alijaribu kueleza kwamba walishakubaliana, wangefunga ndoa bomani, kila mtu na dini yake. Hakuna aliyesikia. Mama yake, Philomena, ndiye aliyepatanisha, na upatanisho wenyewe ukawa ile ahadi. Milembe akae bila simu ya Hanif mpaka pamba iishe shambani. Kama kijana ni mwanamume kweli, atakuja mwenyewe bila kuvutwa. Asipokuja, wageni wengine wakipiga hodi, wapokelewe.

Milembe aliapa. Usiku ule ule alimpigia Hanif mara ya mwisho, akamweleza huku akilia.

"Sawa," alisema Hanif. "Ukiapa, umeapa. Sitakuomba uvunje. Lakini hewani, Milembe? Hewani tutasalimiana kama watu wengine?"

"Kama watu wengine," alijibu.

Ndivyo walivyokuwa wakisalimiana tangu Machi, na sasa ulikuwa Julai.

"Haya, nieleze," alisema Mzee Maganga. "Maana nimeshapanda, na magoti yananiuma. Yuko humo ndani?"

Milembe alijikuta akicheka bila kupenda. "Hapana, baba. Kuna satelaiti ndogo inapita juu. Ndogo kweli, ungeweza kuibeba kwenye kapu. Waliitengeneza wapenzi wa redio kama sisi. Mtu akiisemesha kutoka chini, inarudisha sauti yake chini, na watu wote walio chini yake wanasikia. Inachomoza upande wa Serengeti, inapita, inazama upande wa Migato. Ni dakika kumi tu hivi."

"Watu wote wanasikia?"

"Wote. Kuna mzee mmoja wa Kisumu, Marcelo, mstaafu wa reli. Hakosi hata siku moja."

"Na huyu wako yuko wapi?"

Aliposema *huyu wako*, moyo wa Milembe uliruka. Baba hakuwahi kumwita hivyo.

"Yuko kwenye kituo cha zamani, milimani, nje ya Johannesburg. Kilijengwa miaka ya sitini kufuatilia vyombo vya kwanza kwanza vilivyorushwa angani. Sasa wanakitumia kwa kazi nyingine, lakini kile chumba cha redio cha mafundi wa zamani kipo bado. Jioni akitoka kazini anakwenda humo." Aliigusa redio. "Na hii ilikuwa ya babu yake. Mzee Mtoro alikuwa dereva kwenye kituo kama hicho, Unguja, akiwa kijana. Alisema chombo kilikuwa kikipita juu yao kidogo tu, halafu kinakwenda kwa wenzao wa mbele, na wao wanabaki kusubiri kizunguke dunia kirudi. Wale mafundi wa kizungu, wakisubiri, walikuwa wakitoa redio zao wenyewe na kusalimia makwao. Ndiko alikojifunza."

"Mtoro nilimjua," alisema Mzee Maganga. "Aliniuzia jembe la ng'ombe. Halijavunjika mpaka leo." Alisema hivyo kama mtu aliyekubali jambo kwa shingo upande.

Milembe alitazama saa yake, akashtuka. Alianza kuunganisha waya za betri haraka haraka. Kazi ilikuwa ya mikono mitatu, naye alikuwa na miwili. Mkono mmoja wa maiki. Mmoja wa kuzungusha kitufe cha masafa, kwa sababu satelaiti ile ilikwenda mbio mno na sauti zake zilikuwa zikihama, kama honi ya lori linalokupita barabarani, hata ukiziacha kidogo tu zinakwenda zao. Na mmoja wa antena, ambayo lazima ielekezwe kule kule satelaiti iliko, toka inachomoza mpaka inazama. Aliinua antena kwa mkono wa kushoto, akaegemeza mpini begani, akajaribu kukifikia kitufe. Antena ikayumba. Alijaribu tena. Machozi yalimlenga.

"Nataka kusikia mnayoongea," alisema baba yake ghafla.

Milembe alimtazama. Uso wa mzee ulikuwa mkavu kama udongo wa Septemba. Lakini hakuwa ameondoka, na fimbo ilikuwa imelazwa chini.

"Basi nishikie hii, baba."

"Mimi?"

"Joyness hayupo. Usiposhika, hutasikia kitu, wala mimi sitasikia."

Hivyo ndivyo Mzee Maganga, mzee wa kanisa, mkulima wa pamba, mtu aliyekataza jina la Hanif lisitajwe mezani pake, alivyojikuta amesimama juu ya mwamba ameshika antena, na binti yake akimwelekeza mikono.

"Pale, juu kidogo ya ule mti. Sasa itakuwa inapanda polepole kuelekea kulia. Ukisikia sauti inafifia, itafute. Ukiipata, ifuate."

"Nifuate kitu nisichokiona?"

"Ng'ombe wako usiku unawafuata vipi?"

"Kwa kengele," alisema mzee. Aliigeuza antena kuelekea mtini. "Haya."

Redio ilikuwa ikitoa mvumo mtupu. Milembe alipiga magoti kwenye khanga, sikio karibu na spika. Kila jioni hapo ndipo moyo wake ulipokuwa unaanza kumwenda mbio, kama siku ile alipoingia dukani kwa kina Mtoro kununua waya wa somo la vitendo, akainua macho, akakuta kijana nyuma ya kaunta ameshikilia mita ya nguo na hakumbuki anampimia nani. Mteja wa watu alisubiri. Hanif alikuwa anamtazama Milembe tu, mita imening'inia. Babu yake alimpiga kofi la kisogo.

Mvumo ulipasuka. Sauti ya mtu mzima ikatoka, nzito, yenye furaha.

"...Kisumu hapa, Kisumu hapa, Marcelo. Nani yuko leo?"

Mzee Maganga alishtuka nusura aangushe antena. "Kisumu?" alinong'ona.

"Kisumu, baba. Usiishushe." Milembe alibonyeza maiki, akataja jina lake la hewani lililo kwenye leseni, kisha akasema, "Sapiwi hapa, Mzee Marcelo. Habari za jioni. Nakupata vizuri kabisa."

"Mwalimu! Karibu, karibu. Yule wa kusini bado hajatokea. Bado ni mapema kwake."

"Naam, bado."

Mtu wa Kampala aliingia, akasalimia, akatoka. Mwingine akaita kwa Kiarabu kutoka mbali sana. Mzee Maganga alikuwa akigeuka taratibu, macho juu kwenye anga tupu, midomo wazi. Milembe alikuwa hasikii hao wote. Alikuwa anasubiri pumzi.

Maana Hanif alikuwa na tabia moja. Akibonyeza maiki yake, kabla ya kusema neno, huvuta pumzi. Wapenzi wengine wa redio walimtania kwa hilo. Lakini Milembe aliipenda pumzi ile kuliko maneno. Maneno yalikuwa ya kila mtu, ya Marcelo, ya Kampala, ya Waarabu. Leseni haikuruhusu mambo ya siri hewani, na Hanif alikuwa mtu wa kufuata taratibu mpaka inaudhi. Ila pumzi haikuandikwa kwenye sheria yoyote, na Milembe alikuwa ameamua zamani kwamba hiyo ni yake.

Ikaja.

"Kusini hapa," ilisema sauti aliyokuwa akiishi kwa ajili yake. "Jioni njema wote. Sapiwi, upo?"

Macho ya Milembe yalijifumba yenyewe. "Nipo. Nakupata vizuri. Habari za huko?"

"Baridi kali. Asubuhi majani yalikuwa na barafu. Anga la kwenu likoje?"

"Jeupe. Vumbi kidogo. Watu wanachuma pamba ya mwisho."

Pumzi. "Ya mwisho?"

"Ya mwisho."

"Nimekupata, Sapiwi. Asante."

Basi. Sauti ya Kampala ikaingia kuuliza jambo la betri. Milembe aliachia maiki, akakuta baba yake anamtazama.

"Ndiyo hivyo?" aliuliza mzee kwa sauti ya chini.

"Ndiyo hivyo, baba."

"Hakukuambia kitu."

"Hairuhusiwi. Na mimi niliapa."

"Miezi yote hii mnaulizana anga?"

"Wakati mwingine mvua."

Mzee Maganga alitikisa kichwa. Antena iliteleza kidogo, mvumo ukajaa, naye akaishtukia mwenyewe kabla hajaambiwa, akaitafuta sauti ya Kampala angani mpaka akaipata. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho Milembe hakukijua jina lake.

Dakika zilikuwa zinakwenda. Milembe alijua analotakiwa kufanya. Jumanne iliyopita Hanif alikuwa amemwambia Marcelo, si yeye, kwamba wakubwa wake wamemwomba abaki miaka miwili zaidi. "Ijumaa natia saini, Mzee Marcelo," alisema, "isipokuwa nipate sababu ya kurudi." Alimwambia Marcelo ili asikie mwingine. Ndiyo desturi waliyojifunza wenyewe. Jambo ambalo hawangeweza kuambiana, walimwambia mzee wa Kisumu. Marcelo hakuwa mjinga. Alikuwa akipokea kila kitu, akijibu "Nimekupata," na kujitoa hewani kidogo ili nafasi ibaki wazi.

Milembe naye alikuwa na habari yake, na hakuwa amethubutu kuisema mpaka leo. Alibonyeza maiki.

"Kisumu, Kisumu, Sapiwi hapa. Mzee Marcelo, Jumamosi sitakuwepo hewani."

"Kulikoni, mwalimu? Unasafiri?"

"Nina wageni nyumbani. Wanatoka Nassa. Mtu mmoja anaitwa Masunga anakuja na wajomba zake." Aliachia maiki, akaibonyeza tena. "Wanaleta posa."

Hewa ilikaa kimya. Mtu wa Kampala hakusema kitu. Waarabu hawakusema kitu. Milembe hakuthubutu kumtazama baba yake. Aliangalia spika ile ya kijivu, akasikia mvumo tu, na ndani ya mvumo hakukuwa na pumzi ya mtu yeyote.

"Nimekupata, Sapiwi," alisema Marcelo hatimaye, taratibu. Kisha akaacha hewa wazi.

Ikabaki wazi. Milembe aliuma mdomo. *Sema*, aliomba moyoni. *Sema chochote, hata useme barafu.* Alikuwa amevumilia miezi yote hii akishibishwa na salamu. Alikuwa akilala na sauti yake masikioni na kuamka nayo, akifundisha nayo, akichuma nayo pamba kwa baba yake Jumamosi kwa Jumamosi, vidole vikichomwa na makapi. Alikuwa hajaomba zaidi. Sasa alitaka zaidi, na alikuwa na aibu, na alitaka vile vile.

Pumzi ikaja. Ilikuwa imekatika katikati.

"Sapiwi, rudia tafadhali. Jumamosi?"

"Jumamosi hii."

"Jumamosi hii," alisema Hanif. Alibaki amebonyeza maiki bila kusema kitu, na Milembe akasikia upepo wa milima ile ukigonga dirisha la chumba cha mafundi wa zamani. "Mzee Marcelo, nina swali, kama utaniruhusu."

"Uliza, kijana wangu."

"Kuna ndege ya kesho mchana. Mtu akiacha kalamu mezani, akapanda hiyo ndege, akafika Sapiwi Jumamosi asubuhi na mjomba wake na wazee wawili, hajaja kuleta ugomvi, amekuja tu kukaa chini na kusikilizwa. Mwenye mji atampokea? Au atafukuzwa getini kama mwizi?"

Milembe aliweka mkono mdomoni.

"Aisee," alisema Marcelo. "Mimi ni wa Kisumu, mwanangu. Mji si wangu. Siwezi kumjibia mwenye mji."

"Najua. Nauliza tu hewani."

"Basi tumwachie hewa."

Na wote wakaacha. Milembe aligeuka.

Mzee Maganga alikuwa amesimama pembeni kabisa mwa mwamba, antena imenyooshwa upande wa Migato, chini, karibu na vilima, maana satelaiti ilikuwa imeshaanza kuzama. Jua lilikuwa linampiga usoni. Alikuwa hamtazami binti yake. Mvumo ulikuwa unapanda na kushuka, na kila ulipopanda, mikono ile iliyozoea kushika plau ilikuwa ikisogea kidogo, kulia, chini, kulia tena, ikitafuta.

"Baba," alisema Milembe. "Anauliza."

"Nimesikia."

"Inazama."

"Naona." Hakuwa anaona kitu. "Ameuliza kwa adabu."

"Ndiyo, baba."

"Angeweza kukupigia simu. Angekushawishi uvunje. Mimi ningekuwa kijana ningekushawishi." Aliishusha antena kidogo. "Na wewe ungeweza kukubali, nisingejua."

"Niliapa kwako," alisema Milembe, na hapo machozi yakamshinda. "Nilikuapia wewe, baba. Ningefanyaje?"

Kutoka kwenye spika, mbali sana, ikaja sauti iliyokatika katika. "Sapiwi... Sapiwi, upo bado..." Kisha mvumo.

Mzee alinyoosha mikono mpaka kofia ikaanguka. Alipiga hatua moja mbele, ncha ya mwamba, akainamisha antena mpaka ikakaribia kugusa nyasi. Sauti ikarudi, nyembamba. "...upo?"

"Nipe hicho," alisema Mzee Maganga.

"Baba?"

"Hicho cha kusemea. Nipe, kabla haijaenda!"

Milembe aliruka, waya wa maiki ukajinyoosha wote, akamfikishia mdomoni na kumbonyezea mwenyewe. Baba yake alikohoa. Akaongea kwa sauti kubwa, kama anamwita mtu ng'ambo ya mto.

"Mwadila! Hapa ni Maganga wa Sapiwi. Baba yake. Nimekusikia. Njoo na wazee wako. Wa Nassa nao watakuja, wote mtakaa, wote nitawasikiliza. Sijasema ndiyo! Usije ukaenda kuwaambia watu nimesema ndiyo. Nimesema njoo." Alisita, akavuta pumzi, na Milembe akaisikia ile pumzi. "Hiyo kalamu iache. Basi."

Milembe aliachia kitufe.

Mvumo.

Walisikiliza. Mzee aliipeleka antena kulia, akairudisha kushoto, akaipandisha, akaishusha. Mvumo mtupu, ule ule, kama mtu anayepepeta mchele.

"Amesikia?"

"Sijui, baba."

"Imekufa?"

"Haijafa. Sisi ndio tumeipoteza. Sasa hivi iko juu yao, yeye bado anaisikia vizuri kabisa. Sisi tu ndio hatumfikii." Alikizungusha kitufe cha masafa bure. "Kama ulimaliza kabla haijazama, amesikia yote. Kama haikuwahi..."

Hakumaliza. Mawazo yake yalikuwa kule milimani kwenye baridi, kwenye chumba ambacho hakuwahi kukiona, kwa mtu aliyekuwa ameinama kwenye spika kama yeye. Labda alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Labda alikuwa amesikia mvumo tu, akadhani mwenye mji amenyamaza. Kesho asubuhi angeichukua kalamu. Milembe aliitazama simu yake iliyokuwa pale kwenye khanga, karibu hivyo, kimya hivyo.

"Baba," alisema polepole, "ukinifungulia ile ahadi, nampigia sasa hivi. Nusu dakika tu."

Mzee Maganga aliitazama simu. Akaitazama kwa muda mrefu. Kule bondeni, kwenye shamba lake, mistari michache ya pamba ilikuwa bado myeupe.

"Pamba haijaisha," alisema.

"Baba!"

"Mimi ndiye niliyemwambia aje. Nimemwambia mbele ya yule mzee wa Kisumu na yule wa Kampala. Basi na yeye atanijibu mbele yao. Sikukutuma wewe ukanisemee pembeni kwenye simu." Aliokota kofia yake, akaipangusa vumbi, akaivaa. "Hii kitu yenu inarudi?"

"Inarudi. Inazunguka dunia kwanza. Saa moja na nusu hivi."

"Dunia yote?"

"Yote."

"Inapita wapi ikirudi?"

"Upande wa ziwa. Itachomoza kule, juu ya Nassa."

Mzee alipiga mluzi mkali kwa vidole viwili. Chini kabisa, uani, mama yake Milembe alitoka jikoni, akakinga macho kwa kiganja.

"Philomena!" mzee alipaza sauti. "Mwambie Mhoja afunge ng'ombe! Mimi nina shughuli!"

Philomena alisimama pale chini akiwatazama, mumewe na binti yake na ule mfupa wa sato, kisha akainua mikono juu kama mtu aliyeshindwa na dunia, akarudi jikoni.

Mzee Maganga alirudi kwenye jiwe lake, akajikalisha, akashusha pumzi.

"Njoo ukae, mayu," alisema.

Hakuwa amemwita mayu, yaani mama, tangu Machi. Milembe alikwenda akakaa miguuni pake, akaegemeza kichwa kwenye goti lile lililouma. Redio ilikuwa inavuma taratibu. Alitamani dunia iwe ndogo kidogo, leo tu, ile satelaiti iizunguke upesi. Aliinua macho amwombe baba yake apumzishe mikono, kwa kuwa muda ulikuwa bado mwingi na antena ile ni nzito.

Lakini mzee alikuwa hajaiweka chini. Alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili, ameielekeza Nassa, anasikiliza.